Ubao wa Kumpimia Nekesa

Harufu ya spiriti ikinipata, hata kwenye duka la dawa hapa Matisi ninakoishi, nairudia siku madaktari kutoka Kitale walipofika kwa mara ya kwanza kijijini kwetu, mlimani juu ya Kimilili. Sisi watoto tuliwakimbia, kisha tukawarudia kwa sababu walikuwa na biskuti. Tumbo halina adabu.

Mdogo wangu Nekesa alikuwa bado mchanga, na kifua kilikuwa kikimbana. Mama alimpeleka, huku nyanya yetu, Kukhu, akifuata nyuma na bakora yake na mashaka yake. Daktari, mwanamke mpole, hakuanza na kifua. Alitoa ubao wenye kingo, akamlaza Nekesa juu yake, akamnyoosha miguu ampime urefu.

Kwetu mtu hupimwa urefu mara moja tu, na anayempima ni fundi wa majeneza.

"Ati mnampima ya nini?" Kukhu alipiga kelele. "Si bado anapumua!"

Akamnyakua mtoto. Mama akamtazama daktari, akamtazama mama mkwe wake, kisha akatufuata nyumbani. Wanawake wengine nao wakabeba watoto wao wakaondoka.

Nekesa tulimzika kabla madaktari hawajarudi.

Walipokuja tena, daktari alikuta kaburi dogo kando ya migomba yetu. Aliketi chini na Mama, akalia naye, koti lake jeupe likijaa udongo. Kisha akamwendea Kukhu.

"Mama, nifundishe. Mtoto wenu nimshike vipi?"

"Anza na kifua," Kukhu akasema. "Hiyo ubao wacha kwa gari."

Akauacha. Wanawake wakaanza kurudi, mmoja mmoja, na Kukhu mwenyewe akawa anawaita.

Baadaye alizaliwa Wafula, naye akashikwa na kifua kilekile. Daktari alimsikiliza akiwa mapajani mwa Mama, akatupa chupa ya dawa tamu ya kunywa. Wafula akapona. Majirani walikuja kumpongeza Mama, naye akalia mpaka ikabidi ashikiliwe. Mimi nilicheka, nikidhani furaha imemzidi.

Nilikuja kuelewa nilipozaa, usiku niliomnywesha mwanangu dawa ya kifua nikasikia pumzi yake ikitulia. Nililia peke yangu jikoni. Siku Wafula alipopona ndiyo siku Mama alipojua kwamba hata Nekesa angepona.