Bi Pembe na Macho ya Babu Sumaku

Paa la jengo la fizikia lilipozidi kuvuja hata ndoo za kukingia maji zikaisha, mkuu wa chuo aliamuru walimu wake wagawanywe kwenye vyumba vya idara nyingine mpaka mafundi wamalize kazi. Ndivyo Bi Pembe alivyoletewa mgeni ambaye hakumwalika.

Bi Pembe halikuwa jina lake. Wanafunzi walimbandika kwa sababu alifundisha jiometri, na pia kwa sababu ukimletea mzaha darasani alikuchoma kwa neno moja tu, ukatulia mpaka kipindi kiishe. Alikuwa amevuka hamsini, hana mume wala mtoto. Dada yake mkubwa, muuguzi mstaafu aliyeishi naye nyumba moja, alizoea kuwaambia wageni kwamba mdogo wake ameolewa na chaki, na kila jioni hurudi na vumbi la bwana wake nguoni. Bi Pembe alicheka pamoja nao. Lililomuuma hakulisema. Jiometri aliyoipenda, ile ya maumbo yanayopinda mahali ambapo jicho halifiki, hakuwahi kuiona ikigusa kitu chochote duniani. Alifundisha, akarudi nyumbani, na kitandani akajiuliza kama hakuwa amecheza peke yake maisha yake yote.

Mgeni mwenyewe alikuwa mwalimu wa fizikia, mjane, mtu wa maneno machache. Mvi, na sumaku alizobeba darasani, vilimpa jina la Babu Sumaku, ingawa hakuwa babu wa mtu. Alikuja na maboksi mawili ya karatasi na birika la umeme, akaomba radhi kwa usumbufu, akaketi upande wa dirishani. Akipiga hesabu alikuwa akivuma puani kama nyuki, wala mwenyewe hakujua. Wiki za kwanza Bi Pembe alidhani atapata wazimu. Baadaye akagundua kwamba siku ambayo mzee hakuja, chumba kilikuwa kimya mno, na yeye kazi haikumwendea.

Hata hivyo hawakuzungumzia masomo yao. Bi Pembe alidhani watu wa fizikia wanapima nyaya na betri. Mwenzake alidhani watu wa jiometri wanachora kujifurahisha. Walizungumzia mvua, magoti, na bei ya miwani.

Kumbe habari ya miwani ilikuwa na jambo ndani yake. Asubuhi moja Babu Sumaku alimmiminia chai, na chai ikaenda pembeni mwa kikombe, ikatiririka mezani. Alisema mkono umeteleza. Bi Pembe akapangusa, na tangu siku hiyo akaanza kumtazama. Aliona jinsi alivyoipapasa kufuli kabla ya kutia ufunguo, na jinsi alivyosogeza karatasi mpaka ikakaribia kugusa pua. Kumuuliza hakuthubutu. Badala yake alianza kumwandikia ujumbe kwa herufi kubwakubwa, akijisingizia kwamba mwandiko wake umeharibika.

Mwisho mzee mwenyewe ndiye aliyesema. Ilikuwa mchana, wanafunzi wamekwenda kula.

"Mwalimu, samahani. Nisomee hapa. Mwandiko ni wangu mwenyewe, lakini leo unanikimbia."

Bi Pembe alivuta kiti, akasoma kama anavyosomewa mgonjwa, polepole, alama moja moja. Ilikuwa hesabu ya nguvu zinazoshika chembe ndogo kuliko zote, zile ambazo vitu vyote vimejengwa kwazo. Alifika mstari wa tatu. Akaurudia kimoyomoyo. Akasimama, akaenda ubaoni, akaandika mstari wake mwenyewe, ambao alikuwa amewafundisha wanafunzi tangu ujana. Herufi zilikuwa tofauti. Mengine yote yalikuwa yale yale, alama kwa alama.

"Hii unaiitaje?" aliuliza.

Babu Sumaku alijibu kwamba hiyo ni nguvu ya uga. Uga, alieleza, ni ile hali inayokizunguka kitu kama sumaku, inayokifanya kipande cha chuma kisogee kabla hakijaguswa. Naye Bi Pembe, mzee aliuliza, kwake mstari huo unasema nini?

"Kwangu unasema kiasi gani umbo limepinda."

 Kila mmoja aliligeuza neno la mwenzake kichwani. Ikiwa mistari hiyo miwili ni mmoja, basi nguvu inayoshika vitu ni namna ya kupinda. Na ile jiometri isiyogusa kitu ilikuwa imegusa kila kitu, meza ile, kikombe kile, mikono yao wenyewe. Bi Pembe alijifuta macho kwa kiganja chenye chaki, uso ukawa mweupe. Mwenzake hakuuona weupe huo, lakini alisikia pumzi zake, akamsogezea leso.

Walipotafuta maktabani walikuta watu wa nchi za mbali walikwisha kuliona jambo hilo miaka mingi nyuma na kuliandikia vitabu vinene. Walicheka mpaka mtunza maktaba akawakanya. Walikuwa wamechelewa, lakini hakuna aliyewafundisha. Walikuwa wamefika kwa miguu yao.

Furaha haikukaa sana. Dada wa Bi Pembe aliwapeleka kwa daktari wa macho aliyemfahamu, na daktari akasema presha ya ndani ya jicho imeshakula mishipa yake ya kuonea. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa kidogo. Babu Sumaku alijikaza mbele ya watu. Kesho yake Bi Pembe alimkuta akirudisha karatasi zake ndani ya maboksi.

"Nimeamua kuacha kazi. Mimi hesabu nilikuwa naziona, mwenzangu. Nilikuwa naziona zimekaa kwenye karatasi. Sasa nimebaki na nini?"

 Bi Pembe alitoka, akaenda stoo ya michezo, akarudi na mpira wa miguu na njiti ya kiberiti. Akaushika mkono wa mzee, mara ya kwanza tangu wajuane, akailaza njiti juu kabisa ya mpira, na vidole vya mzee juu ya njiti. Akamwongoza aiteremshe mpaka kiunoni mwa mpira bila kuigeuza, aisogeze kando robo ya mzunguko, bado bila kuigeuza, kisha airudishe juu ilikoanzia.

"Inaelekea wapi sasa?"

Babu Sumaku alipapasa. Njiti ilikuwa imelala kando, si kama ilivyoanza. Hakuna aliyeigeuza, mpira wenyewe ndio uliofanya hivyo, kwa kuwa umepinda. Alirudia safari ile kwa mkono wake mwenyewe, tena na tena, mpaka akaanza kuvuma puani.

"Chembe yangu ikizunguka sumaku nayo hurudi hivi," alisema taratibu. "Imebadilika. Miaka yote nimeiandika, sikuwahi kuishika."

Maboksi yalifunguliwa tena. Mkuu wa idara, aliyekuwa na wasiwasi, alikubali wafundishe somo moja kwa pamoja: Bi Pembe ubaoni, Babu Sumaku akizunguka kati ya madawati na maumbo ya waya na udongo, akiwashika wanafunzi vidole. Mwanzoni wengine walicheka chinichini. Katikati ya muhula darasa lilijaa, waliokosa viti wakakaa madirishani.

Paa la fizikia lilipokwisha kutengenezwa, hakuna aliyemkumbusha Babu Sumaku kuhama, naye hakujikumbusha. Mwaka uliofuata walifunga ndoa, mchana mmoja, mbele ya watu wachache. Dada mtu aliangua kilio kuliko bibi harusi, kisha akalalamika kwamba sasa atagombana na nani jikoni. Wakamwambia mdogo wake haendi popote, nyumba inatosha watatu.

Siku hizi utawaona asubuhi wakipanda ngazi za chuo, mkono wa mzee begani kwa mkewe. Bi Pembe humweleza njia nzima: mawingu yamekaaje, nani amenyoa ndevu, tangazo gani limebandikwa. Mara nyingine huishiwa maneno, na mzee humwambia aendelee tu, hata kama hakuna jipya.