Farasi Jike wa Barabara ya Nzega

Bwana mkubwa wa mifugo alirudi kutoka kwenye baraza la mtemi kwa miguu, mkono wake wa kulia umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, na kitu cha kwanza alichokitaka ni bunduki yake. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo miezi michache tu kabla ya hapo, nikapangwa kuwa msaidizi wake katika kituo cha mifugo pale Tabora. Nilisimama mlangoni mwa ofisi nikamwomba asimpige risasi farasi wake.

"Hii ni mara ya tatu," alisema kwa Kiswahili chake cha kupimapima maneno. "Amenitupa mbele ya mtemi na wazee wote. Nimevunjika mtulinga. Siku moja ataua mtu."

"Nipe muda, bwana. Nimfundishe upya, bila chuma mdomoni."

Nadhani maumivu ndiyo yaliyomfanya asinifukuze. Kisha akasema kwamba baraza lijalo lingekuwa mwisho wa kiangazi, na kwamba angekwenda huko juu ya mgongo wa farasi yule yule. Akitulia, ataishi. "Asipotulia," akasema, "wewe ndiye utakayeshika kamba nitakapofyatua."

Nilikubali.

Katika nchi yetu farasi ni mgeni. Magharibi, kuelekea Usinge, msitu umejaa mbung'o na farasi akiingia huko hamalizi msimu. Upande wa kaskazini tu, kwenye barabara ya Nzega, ambako nchi ni wazi na mashamba yamefyekwa, ndiko angeweza kupita salama. Huyu alikuwa farasi jike wa rangi ya udongo wa kichuguu, mwenye doa jeupe juu ya pua. Nilipomfungua kinywa kwa mara ya kwanza nilikuta pembe zote mbili za midomo zimechanika na kupona na kuchanika tena. Ulimi ulikuwa na kovu mahali chuma cha lijamu kilipokuwa kikilala.

Nilimkumbuka babu yangu. Alikuwa mpagazi katika ujana wake, akibeba pembe za ndovu kwenda pwani kwa njia ile ya misafara ambayo leo watoto huifuata kwenda shule. Mabegani alikuwa na sugu mbili ngumu kama kisigino. Nilipokuwa mdogo nilizigusa nikamuuliza kama zinauma, akasema haziumi tena, bali hazisikii kitu kingine chochote pia. Kwa hiyo nilipoona midomo ya mnyama yule nilijiona ninajua kila kitu kuhusu hofu yake. Niliamini kwamba chuma kikiondoka, hofu itaondoka pamoja nacho.

Saisi wa kituo, mtu wa makamo wa mjini aliyewatunza farasi tangu ujana wake, alinisaidia kusuka hatamu ya kamba ya katani: ukanda mmoja juu ya pua, tulioufunika kwa ngozi laini ya ndama, mwingine nyuma ya masikio, na vigwe viwili vya kushika vikitokea mashavuni. Alifanya kazi nzuri, lakini hakunyamaza.

"Msomi, utamwelekezaje sasa? Utamwandikia barua?"

"Atasikia kamba."

"Mtu mzima hasikii serikali, atasikia kamba huyu?"

Kila asubuhi niliingia zizini, nikakaa juu ya debe lililopinduliwa, nikampa mgongo, nikasoma. Siku ya nne nilisikia pumzi yake kisogoni. Nilijifunza kuvuta kigwe kwa vidole viwili na kukiachia mara tu alipogeuza kichwa, hata kwa upana wa kidole. Siri yote ilikuwa katika kuachia. Ukichelewa kuachia, umemfundisha kwamba utii hauna faida. Baada ya wiki tatu nilimpanda, akazunguka zizi akipinda huku na huku kwa kamba iliyolegea, na mimi nikajaa kiburi ambacho wakati ule nilikiita furaha.

Nilimpeleka barabarani. Hatukufika mbali. Akina mama watatu walikuwa wanakuja mjini na makapu ya kwenda sokoni. Waliponiona juu ya farasi waliyatua makapu yao, wakapiga magoti kando ya njia, wakapiga makofi polepole, na kusema, "Mwangaluka." Ndivyo Wanyamwezi wanavyomwamkia mtu wanayemheshimu. Kabla sijaitikia, farasi alisimama kwa miguu ya nyuma, akageuka, akaondoka. Mimi nilibaki mchangani.

Akina mama walinipangusa vumbi kama mtoto wao. Nilipofika kituoni farasi alikuwa ametangulia, jasho limemlowesha, na saisi alikuwa amemshika.

"Barua haikufika?" aliuliza.

Nilianza kuandika katika daftari kila kitu ambacho kingeweza kumtisha: makapu, rangi za kanga, harufu ya samaki wakavu, kivuli cha mtu anayeinama. Wiki ile nilianguka mara mbili zaidi. Mara zote mbili nilimtazama usoni, nikamsemesha kwa upole, nikamwonyesha kapu, nikamwonyesha kanga. Alivinusa vyote bila wasiwasi. Siku zilikuwa zinakwisha, na mkono wa bwana mkubwa ulikuwa umeshatoka kwenye kitambaa.

Aliyeliona jambo lenyewe alikuwa mmoja wa wale akina mama watatu, mzaliwa wa Puge, aliyeolewa katika kijiji cha jirani na kuuza michembe sokoni. Viazi vitamu vile vilivyomenywa, vikakatwa na kukaushwa juani, kila nyumba kwetu huviweka akiba. Nilikuwa ninatembea kwa miguu siku hiyo, nikimwongoza farasi kwa kamba, kwa kuwa sikuwa na mfupa wa kuanguka tena. Yeye alikuwa na mtoto mgongoni na makapu mawili, moja kichwani na jingine mkononi. Alinisalimu akiwa amesimama, tukasemezana, na farasi akasinzia.

"Umeona?" aliniuliza.

"Nimeona nini, mama?"

"Leo mikono yangu haina nafasi. Sikupiga makofi. Na yeye hana habari na mimi."

Alitua makapu, akaniambia nishike kamba vizuri, kisha akakutanisha viganja vyake mara moja, kwa sauti ndogo ya kubembelezea mtoto. Ngozi ya farasi ilitetemeka kuanzia shingo hadi mkia, akarudi nyuma akinivuta.

"Haogopi watu, baba," alisema yule mama. "Anaogopa heshima yetu."

Nilirudi kituoni nikamweleza saisi. Nilitarajia mzaha. Badala yake aliweka chini brashi aliyokuwa nayo, akakaa juu ya debe langu.

"Ni mimi," alisema.

Alinieleza kwamba bwana aliyekuwa na farasi huyu zamani hakutaka kungoja. Jioni farasi alipaswa kuingia bandani upesi, na saisi aliamriwa ampige mjeledi kila anapochelewa. Kwa kuwa hakupenda kumpiga, alizoea kumwonya kwanza kwa makofi, ili aingie mwenyewe. Mara nyingine aliingia. Asipoingia, mjeledi ulifuata.

"Niliona ninamhurumia," alisema. "Makofi kwanza, niliona ni huruma. Na mimi nimezaliwa hapa Tabora. Nasalimiwa kwa makofi tangu nina meno ya utoto. Sikuyaunganisha hata siku moja."

Sikuweza kumlaumu. Mimi pia nilikuwa nimekaa mwezi mzima juu ya debe lile nikiamini kwamba nia yangu njema inatosha.

Kosa langu lililofuata lilikuwa la kijinga zaidi. Nilianza kuwakataza watu. Kila niliyemwona mbele nilimpungia mkono kutoka juu ya farasi na kumwambia asipige makofi. Wengi walinyamaza wakapita. Mzee mmoja hakupita. Alisimama katikati ya barabara, jembe begani.

"Bwana mifugo," alisema, "nimewasalimu hivi wazazi wako, na wazazi wao kabla yao. Leo umepanda mnyama, ndiyo unanikataza kukusalimu?"

"Shikamoo, mzee. Si hivyo. Farasi anaogopa."

"Marahaba. Basi anayeogopa ni farasi. Wewe unazuiwa na nini?"

Yule mama wa michembe, aliyekuwa akija nyuma yake, alicheka hadi kapu likayumba. "Kwani lazima usalimiwe ukiwa huko juu?" aliuliza. "Shuka, baba. Sisi tutamfundisha."

Nilishuka. Nikiutazama ule mwaka wote, naona hilo ndilo jambo la maana nililolifanya, na halikutoka chuoni.

Tangu asubuhi ile nilitembea. Nilitoka kituoni kwa miguu, kamba imelegea mkononi, mfuko wa suruali umejaa michembe. Mtu aliponisalimu kwa makofi, nami nilipiga yangu, na papo hapo farasi alipata kipande. Mwanzo walipiga kutoka mbali, upande wa pili wa mashamba, mlio usiozidi wa jani kavu. Kisha walisogea. Watu waliipenda kazi hii kuliko nilivyodhani. Mzee wa jembe alikuwa akitungoja makusudi penye kichuguu, na siku farasi alipochukua kipande kwenye kiganja chake mwenyewe, aliwatangazia wapita njia wote kwamba amempokea mkwe. Wiki zilipita. Makofi yakilia, ngozi yake ilitetemeka kidogo bado, lakini masikio yalisimama, na pua ikaelekea kule sauti ilikotoka.

Asubuhi ya baraza, bwana mkubwa alikuja amevaa nguo zake zilizopigwa pasi, akaitazama hatamu yetu ya katani.

"Leo mvalisheni lijamu," alisema. "Siwezi kwenda kwa mtemi na kamba kama ya mbuzi."

Nilisimama mbele ya farasi. "Bwana, ulisema ataishi akitulia. Ukimtia chuma kile, utakuwa unapima chuma."

Alimgeukia saisi amletee lijamu. Saisi aliingia katika chumba cha matandiko, akakaa humo muda wa kutosha kunywa chai, akatoka mikono mitupu.

"Haionekani, bwana. Nimeitafuta kila pembe."

Macho yake yalikuwa chini, kwenye viatu vya bwana mkubwa. Kwa kosa kama hilo angeweza kupoteza kazi aliyoifanya zaidi ya nusu ya maisha yake. Muda wa kutafuta zaidi haukuwapo. Bwana mkubwa alipanda na kamba ya mbuzi, nasi wafanyakazi wa kituo tukafuata nyuma kwa miguu.

Uwanja wa baraza ulikuwa umejaa. Nilisimama mbali, nyuma ya makarani, mahali ambapo nisingeweza kuishika hata ncha ya kigwe. Mtemi alipotoka nyumbani mwake, uwanja mzima ulipiga magoti, na mamia ya viganja yakakutana kwa pamoja.

Farasi alisimama. Nilimwona akitetemeka, na nikaona mkono wa bwana mkubwa ukikaza vigwe, kisha, sijui kwa nini, ukavilegeza. Masikio yakasimama. Akaanza kutembea, si kurudi nyuma, bali moja kwa moja kuelekea kwenye makofi, hadi mstari wa mbele wa wazee, akainamisha kichwa na kuingiza pua ndani ya kanzu ya mzee aliyekuwa karibu zaidi, akitafuta michembe.

Makofi yalikatika. Mzee hakusogea. Alitazama juu, akamwona bwana mkubwa ameketi na masikio mekundu, kisha akatazama chini kwenye pua iliyokuwa ikipekua kifua chake.

"Huyu naye amekuja kutusalimu," alisema.

"Muitikie basi," mwingine akadakia, na kicheko kikaanzia hapo kikauzunguka uwanja hadi kikamfikia mtemi mwenyewe. Bwana mkubwa hakuwa na la kufanya. Farasi asingeondoka bila kipande, naye asingeweza kuhutubia watu huku kipando chake kinampekua mzee. Akashuka. Alimsalimu mtemi akiwa amesimama ardhini kama watu wengine, akishika kamba ya katani.

Njiani kurudi hakupanda. Alitembea nami, vigwe mkononi.

"Hajatulia," alisema. "Farasi aliyetulia hapekui wazee."

Niliikumbuka kamba niliyokubali kuishika.

"Lakini hakukimbia." Alinikabidhi vigwe. "Mimi nitatumia gari. Mpande wewe, upeleke dawa za chanjo vijijini. Na mwambie saisi sitaki kujua lijamu iko wapi."

Ilikuwa katika gunia la pumba, chini kabisa.

Nilimpanda farasi yule miaka iliyofuata, hadi nilipohamishwa. Hakuna siku aliyonitupa, na hakuna siku aliyokubali kumpita mtu aliyemsalimu. Mtu akipiga makofi, yeye husimama, hugeukia sauti, na haondoki mpaka nishuke, niitikie, niulizwe habari za nyumbani na za kazi, na kipande kitoke mfukoni. Safari ya asubuhi ikawa ya siku nzima. Katika kusimama kule niliambiwa ni zizi gani lina ndama anayeharisha na ni mjane gani amemficha ng'ombe wake kichakani kwa kuogopa sindano, mambo ambayo nisingeyasikia nikiwa juu.

"Umechelewa tena, msomi," saisi aliniambia kila jioni, akimpokea farasi kwa mikono iliyonyamaza.

"Nilikuwa ninasalimiwa," nilimjibu.