Kijiti kwa Ruhusa ya Mume

Nesi wa zahanati ya kijiji, huku Karatu, alikuwa na sharti lake: mwanamke asiyeongozana na mumewe hapewi kijiti wala sindano ya uzazi wa mpango. Serikali haikumtuma, alilitunga mwenyewe, akalilinda kama amri ya kanisa. Alinawa mikono kila baada ya mgonjwa, akikausha kidole kimoja kimoja, na sauti yake haikupanda hata alipomnyima mtu. Sabina alikuja baada ya kujifungua kwa upasuaji. Daktari alikuwa amemwonya asibebe mimba nyingine upesi.

"Mume wangu yuko Ngorongoro, sista, anaendesha watalii. Anarudi mara mojamoja."

"Sasa mama, kama mume hayupo, kijiti cha nini?"

Benchi zima likacheka. Sabina naye akacheka, kanga mdomoni, asije akadhaniwa malaya. Nesi akamgeukia mama aliyefuata, akampapasa tumbo kwa upole kabisa, vijiti vimejaa kabatini nyuma yake.

Pasaka mume alirudi, na Sabina akashika mimba. Uchungu ulipoanza, kovu la upasuaji lilipasuka akiwa njiani kwenda hospitali. Alizikwa pamoja na kichanga chake, na watoto wake wanne sasa wanalelewa na bibi yao.