Mafua ya Mke Mkubwa

Mume wangu aliwekwa karantini nyumbani kwa mke mwenzangu, na jambo hilo halijanishuka kooni mpaka leo. Watu wengine wana kumbukumbu zao za korona: misikiti kufungwa, watoto kusomeshwa kwa redio, watu kusalimiana kwa viwiko pale sokoni Garsen kana kwamba wanataka kupigana. Mimi nakumbuka zamu zangu zilizoliwa.

Niseme kwanza tulivyokuwa tukiishi. Mimi ndiye mke mkubwa. Nimezaliwa Kinakomba, kwa watu wa kulima kando ya mto, nikaolewa Garsen na mfanyabiashara wa mbuzi. Mbuzi wake huwanunua Bangale na kuwauza huku kwetu. Mwaka mmoja alikwenda Bangale kununua mbuzi, akarudi na mbuzi na mke. Akampangia nyumba Minjila, si mbali, ukipanda pikipiki unafika kabla chai uliyoiacha mezani haijapoa. Tukawekewa utaratibu kama dini inavyotaka: siku mbili kwangu, siku mbili kwake, na zamu inabadilika baada ya sala ya alasiri. Sikupiga kelele wala sikurudi kwetu. Nilichoshikilia ni zamu tu. Akichelewa kufika nilimuuliza alikuwa wapi tangu alasiri, na nilikuwa na haki ya kuuliza.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kuja kwangu. Nilikuwa nimeshakuna nazi, kambare yuko jikoni, na nyumba nimeifukiza udi. Simu ikalia. Alasiri ilikuwa bado haijaadhiniwa.

“Watu wa afya wako hapa,” mume wangu akasema. “Huyu amepimwa, ana korona. Mimi nimeambiwa nisitoke.”

“Usitoke mpaka lini?”

“Wiki mbili.”

“Wiki mbili za nani?”

“Mama watoto, wacha hayo,” akasema, na simu ikakatika. Alisema baadaye kwamba ni mtandao.

Kambare nilimla peke yangu, na kila mwiba niliokutana nao niliusingizia Minjila. Kama wangekuja saa mbili baadaye, wale watu wa afya wangemkuta mume wangu kwangu, ameshavua viatu. Wangemfungia kwangu. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Asubuhi yake nilikuwa wa kwanza mlangoni pa zahanati. Muuguzi alikuwa msichana mdogo, umri wa binti yangu wa pili, lakini kwetu yeyote mwenye koti jeupe ni daktari.

“Daktari,” nikamwambia, “yule mwanamke wa Minjila ana mafua tu. Mimi namjua. Kila baridi ikiingia yeye anakohoa.”

“Kipimo kimesema korona, mama.”

“Kipimo hakimjui kama ninavyomjua mimi.”

Alicheka nyuma ya barakoa, nikaona kwa macho yake. Akanivutia kiti, akakiweka mbali na chake, akanieleza polepole. Akasema ni kweli magonjwa yale yanafanana: homa, kikohozi, kichwa, mwili kuuma kila kiungo, na kwa kutazama tu hata yeye hawezi kuyatenganisha, ndiyo maana ya kile kijiti cha puani. Lakini mafua, akasema, yakikuingia leo, kesho au keshokutwa unayajua. Hii nyingine inaweza kukaa ndani ya mtu siku nyingi imenyamaza. Mtu anakula, anacheka, anapanda pikipiki, na huku anaigawa kila anapopita. Tena mafua miili yetu imeyazoea. Kila mwaka yanakuja yamebadilika kidogo, lakini ukoo ni ule ule, na mwili unakumbuka namna ya kupigana nayo. Hii mpya hakuna mwili uliowahi kukutana nayo, kwa hivyo inapita nyumba hadi nyumba bila kuzuiwa na mtu.

“Kwa hiyo mzee anaweza kuwa nayo sasa hivi na haonekani,” akamaliza. “Akija kwako, anakuletea.”

“Aniletee.”

Akanitazama. Akachukua kalamu yake, sauti ikawa ya kazi. “Mama, wewe una ugonjwa wowote? Sukari? Presha?”

“Nina mke mwenza,” nikamjibu.

Hakujua acheke au anipe pole. Nilipokuwa natoka aliniita akaniambia jambo moja zaidi: nisiyadharau mafua nayo, kwa sababu kila mwaka yanazika wazee na watoto wachanga, ila tu hakuna anayeyatangaza.

Nilirudi kwa miguu nikiyatafuna maneno yale, na kadiri nilivyoyatafuna ndivyo yalivyozidi kuwa machungu. Mafua ni mimi. Nimekuwako miaka yote, kila mtu ananijua, hakuna anayeniogopa wala kunipisha njiani. Nikiumiza, naumiza kimyakimya, na kesho watu wanaendelea na shughuli zao. Yule ndiye aliyekuja mpya, na tangu aje kila mtu ana habari zake. Anafuatwa na gari la serikali! Amewekewa watu wa kumpigia simu asubuhi na jioni kumuuliza ameamkaje. Mimi nimezaa watoto sita, na simu ya namna hiyo sijaipata hata mara moja.

Wiki haikuisha kabla sijakwenda Minjila. Nilijiambia nampelekea mume wangu chakula. Nikajaza wali kwenye hotpoti, nikavaa barakoa, nikapanda pikipiki. Ua wa nyumba ile ni wa miti iliyosimamishwa, na katikati ya mti na mti pana nafasi ya jicho. Sikubisha hodi mara moja.

Mume wangu, mtu ambaye kwangu hajawahi kufunua sufuria ila kutazama kama kuna nyama, alikuwa amechutama mbele ya mafiga anapuliza moto. Kikoi kimempanda magotini, macho mekundu kwa moshi. Alikuwa anakoroga uji. Akadondosha kidogo kiganjani, akaonja, akatikisa kichwa, akakoroga tena. Kisha akaumimina kikombeni, akaenda kuuweka dirishani kwa yule mwanamke, akarudi nyuma hatua kadhaa kama walivyomfundisha, na akasema kwa sauti ambayo sikuijua:

“Kunywa kidogo tu. Ukipoa nitakupashia.”

Kutoka ndani kikaja kikohozi, kirefu, kibaya, cha mtu anayetafuta pumzi. Nilikisikia vizuri. Hayakuwa mafua, na nilijua hivyo nikiwa pale pale uani. Lakini kilichonikaa kichwani njia nzima ya kurudi si kile kikohozi. Ni ule uji.

Nilibisha hodi. Akaruka kama mwizi.

“Usikaribie! Wacha hapo nje!”

“Unapika nini?”

“Uji. Hawezi kitu kingine.”

“Kupika umefundishwa na nani?”

“Nani anifundishe? Kuna mgonjwa, nitafanyaje?”

Nikaiweka hotpoti chini nikaondoka. Nami nimewahi kuwa mgonjwa. Mwaka wa mafuriko nililala na homa mpaka nikaongea na marehemu mama yangu, na aliyenipikia ni jirani. Mume wangu alikuwa nyumbani. Alikaa barazani akiuliza kila mara kama nimepata nafuu, na alipoambiwa nimepata nafuu akauliza chakula kiko wapi.

Siku chache baadaye nilimpigia simu nikamsikia yeye anakohoa. Nikamuuliza, akasema ni moshi, na kweli ulikuwa moshi, lakini hata baada ya kukata simu moyo ulikataa kutulia. Niliona wakimtoa kule Minjila amefungwa, wamevaa yale mavazi meupe, wachache tu wanaruhusiwa kaburini. Nilimwonea uchungu, nililia. Na katikati ya kilio kikaingia kingine: angefia kwake. Watu wangekwenda kutoa pole Minjila. Kofia yake na miwani yake vingebaki kule, na mimi ningefika kama mgeni, nikae pembeni ya mkeka kwenye msiba wa mume wangu mwenyewe. Wivu wangu ulifika mpaka hapo, hata kifo chake niliona nanyimwa.

Hakufa. Hata kuugua hakuugua. Yule mwanamke naye akapona, akabaki mwembamba na asiyesikia harufu, akawa anaunguza vitu jikoni bila kujua. Mume wangu alipopimwa na kuruhusiwa, alikuja Garsen baada ya alasiri, kwa wakati wake, amenyoa ndevu. Nilimwacha anywe maji. Kisha nikamwambia nataka zamu zangu zote zilizopita, moja baada ya moja.

“Zile siku zilikuwa za serikali,” akasema.

“Na serikali ililala kwa nani?”

Alicheka. Mimi sikucheka. Mwishowe alinilipa siku mbili za ziada, akazihesabu kama anayetoa sadaka, na mwenzangu hakulalamika. Nadhani hakuwa na nguvu za kulalamika.

Ukapita mwaka na zaidi. Barakoa zikabaki zinaning'inia kwenye misumari, misikiti ikajaa tena, na korona ikawa kitu cha kutaniana nacho. Kisha ikaingia ile baridi ya katikati ya mwaka, upepo wa kusi unakata mbuga usiku kucha, nami nikaamka asubuhi moja nashindwa kuinua shingo. Homa, kifua, mifupa inalia. Nikanusa kipande cha tangawizi, sikusikia kitu. Furaha iliyonishika pale, namshukuru Mungu hakuna aliyeniona.

Nilijikokota mpaka zahanati. Alikuwa yule yule muuguzi. Aliniingiza kijiti puani, nikavumilia, tukangoja. Niliomba dua nikiwa nimekaa pale kwenye benchi, na sitasema niliomba nini, msomaji anajua. Akarudi anatabasamu.

“Alhamdulillahi, mama! Huna. Ni mafua.”

“Rudia kupima.”

“Mama, ni habari njema.”

“Mbona sisikii harufu?”

“Pua imeziba. Ikifunguka utasikia.”

Machozi yakanitoka. Akanishika bega, akaniambia hata wengine wanalia, hofu ikitoka ndivyo inavyokuwa. Akanipa vidonge vya homa na akanisisitizia nilale, ninywe vitu vya moto, nisifanye kazi, kwa umri wangu mafua yanaweza kushuka mapafuni yakawa jambo jingine. Nilimwitikia tu.

Ilikuwa zamu yangu. Mume wangu alikuwa amekaa barazani na simu yake, anabishana na mtu kuhusu bei ya mabeberu.

“Wamesemaje?” akauliza.

“Mafua.”

“Ah!” Uso wake wote ukafunguka. Alikuwa ameogopa, na nilifurahi kuona ameogopa, lakini furaha hiyo haikukaa. “Mafua tu! Keshokutwa uko shambani wewe. Mchana tunakula nini?”

“Daktari amesema yanaua watu.”

“Wanaokufa ni wengine,” akasema, anacheka, kwa upendo kabisa, na akarudi kwenye mabeberu yake. “Wewe mafua yatakuweza?”

Nilisimama mlangoni pa jiko. Ni kweli, nilikuwa na nguvu za kuwasha moto. Nimewasha moto nikiwa na hali mbaya kuliko ile, nimewasha na mtoto wa siku chache mgongoni. Nikauangalia ule moto uliozimika, nikaangalia sufuria. Kisha nikaingia chumbani, nikalala, nikajifunika shuka mpaka kichwani.

“Nataka uji,” nikasema kutoka ndani ya shuka, kwa sauti ya kumfika barazani. “Wa chumvi na ndimu.”

Nikasikia anamaliza mazungumzo ya simu. Nikasikia kiti. Nikasikia ndala zake zinapita dirishani kuelekea jikoni, zinasimama, zinaingia. Kuni zikavunjwa. Kiberiti kikapigwa mara nyingi. Moyo ulinidunda kama wa msichana, mimi mwenye wajukuu. Nikalala nikisikiliza maji yanavyomiminwa, mwiko unavyogonga ukingo wa sufuria, na nikajiambia kwamba sasa anapika kwangu, anapika kwa mafua yangu, na sijaomba zaidi ya hapo.

Akatokea mlangoni ameshika mwiko, jasho linamtiririka.

“Mama watoto,” akasema, “humu ndani chumvi inawekwa wapi?”

Iko kwenye mkebe juu ya dirisha la jiko. Ilikuwa hapo kabla kifungua mimba wetu hajazaliwa. Nikageukia ukutani.