Meza Yangu Bila Kitambaa

Likizo ya Aprili nikiwa form two, mama alinunua meza ya saiprasi kwa fundi wa kando ya barabara hapa Kitengela. Ilikuwa mbao tupu, haijapakwa kitu. Nikamwambia, kwa kile kisauti changu, "Mum, niachie niimalize mimi."

Kaka yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Fundi aliyevaa sketi! Hata kusalimia wageni unaogopa."

Ni kweli. Wageni wakija mimi hukimbilia jikoni. Lakini hiyo meza nilitaka ionekane.

Nilipiga msasa wa kukwaruza, halafu ule laini, nikifuata mistari ya mbao, mpaka nikiilazia shavu haikwaruzi. Nikapaka rangi ya mahogani kwa kipande cha vesti ya kaka (hakujua), nikafuta iliyozidi. Mistari ikatokea, mizuri ajabu! Vanishi nilipaka asubuhi, umande ukiwa bado umekalia vumbi, kwa sababu mchana upepo na ng'ombe wa jirani hutuletea vumbi hadi ndani ya sufuria. Ilipokauka, msasa kidogo tu, vanishi tena. Jumamosi niliona meno yangu humo.

Jumapili, wamama wa jumuiya ya kanisa wakiwa njiani kuja kuomba kwetu, mama akatoa vitambaa vyake vya kufuma. Kwetu kila kitu huvaa kitambaa: viti, redio, hata thermos. Akafunika meza yangu yote.

Nikajikuta nimesema, "Mum, tafadhali. Leo tu isivae."

"Meza ikae uchi mbele ya wageni? Watasema nini?"

"Watasema ni nzuri."

Aliniangalia kama redio imeongea bila betri. Hodi ikapigwa mlangoni. Akakivuta kitambaa haraka, akakibana kwapani.

Wa kwanza kuingia alikuwa jirani yetu, mwenye wale ng'ombe. "Sopa!" akatusalimia kwa Kimaasai, kisha akapitisha kiganja juu ya meza, polepole. "Hii mlitoa wapi?"

"Ni huyu wangu ameimaliza," mama akasema, kitambaa bado kwapani.

Sikukimbilia jikoni. Nilimimina chai mbele yao wote. Na hakuna aliyethubutu kuweka kikombe juu ya meza! Wote walikunywa wameshikilia vikombe mapajani.

"Haya, nani ataanza kuichafua?" jirani akauliza.

"Si mimi!" wakajibu, na mama ndiye aliyecheka zaidi.