Kuku wa Wangare Aliyechinjiwa Wangare

Chepkurui alimchinjia Wangare kuku wa Wangare mwenyewe, akamkaribisha mezani kama mgeni, halafu akangoja kuambiwa asante. Hilo ndilo kosa. Mengine yote ni mchuzi tu.

Kuku huyo alikuwa jike la madoa meusi na meupe, na Wangare alimjua kuliko alivyowajua baadhi ya mashemeji zake. Mwaka wa hamsini na tatu Wangare alikuwa akichuma pareto katika shamba la mzungu mmoja upande wa Molo, na Chepkurui alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, kwenye laini za wafanyakazi. Nyumba zilikuwa arobaini na kuku wote walichakura pamoja, kwa hiyo kila mwanamke alikuwa na alama yake. Wengine walifunga uzi, wengine walipaka rangi. Wangare alikata ncha ya kidole cha pembeni, mguu wa kushoto, kifaranga akiwa bado mdogo. Uzi hukatika na rangi huoshwa na mvua, lakini kidole kilichokatwa hakioti tena.

Basi ikaja ile amri ya serikali ya kuwarudisha Wakikuyu rizavu, kwenye maeneo waliyotengewa. Lori lilifika asubuhi kwenye ukungu, na kila mtu akaambiwa abebe mzigo mmoja. Mkono mmoja wa Wangare ulimvuta mwanawe Thuo, wa pili ulishika sufuria. Kuku akakosa mkono.

"Nitunzie huyu, Mama Jonah," alimwambia Chepkurui.

"Nitamtunza kama mtoto wangu," Chepkurui akajibu, na machozi yakamtoka.

Wangare hajawahi kuyakana machozi yale. Yalikuwa ya kweli, tena mengi. Lakini machozi hayatagi.

Miaka mitano ikapita. Mume wake akafia huko rizavu. Thuo akawa kijana mwenye ndevu tatu, akapata pasi ya kutoka rizavu na kazi ya kukamua ng'ombe kwenye shamba lile lile, na mama yake akamfuata. Walipewa nyumba iliyokuwa na mlango na moshi wa watu wengine, basi. Rasheni ilikuwa unga na chumvi. Wangare hakuogopa, kwa sababu alijua nyumba huanzaje. Nyumba huanza na kuku anayetaga. Mayai hupelekwa dukani yakarudi sabuni na mafuta ya taa. Vifaranga hukua wakageuka mbuzi, mwenye nyumba akiwa na subira. Njia nzima kutoka kituoni hakuwaza kitu kingine ila kuku wake.

Chepkurui alimpokea kwa vigelegele. "Mama Thuo! Umekonda, lakini umerudi! Jumapili mtakula kwangu, usiniambie hapana!"

Jumapili Thuo alikuwa na zamu ya kukamua, kwa hiyo Wangare akaenda peke yake baada ya kanisa. Uani kwa Chepkurui alihesabu kuku kumi na watatu, wanene, kila mmoja na kitambaa chekundu kwenye bawa. Wa madoa hakuwepo. "Labda amefungiwa ndani anisubiri," akajiambia. "Watu wenye adabu hutoa kitu cha mtu baada ya chakula, si kabla."

Akaenda nyuma ya jiko kunawa mikono. Hapo juu ya rundo la majivu akaona manyoya ya madoa, na miguu miwili ya kuku. Akainama. Mguu wa kushoto, kidole cha pembeni, hakina ncha.

Alisimama pale maji yakimdondoka. Kuku kumi na wanne, na Chepkurui akachagua mzee kuliko wote, mgumu kama kiatu cha polisi! Lakini Wangare hakuhitaji shule kulielewa jambo hilo. Kumi na watatu wana kitambaa cha Chepkurui. Mwenye alama ya Wangare alikuwa mmoja, naye sasa yuko kwenye sufuria. Shahidi amechinjwa, na mwenye kesi ndiye aliyealikwa kumla.

Akauokota ule mguu, akaufunga kwenye pindo la leso.

Sasa afanyeje? Akisema, atakuwa mwanamke aliyemtukana mwenyeji wake Jumapili ya kwanza, na laini nzima itasema rizavu imemharibu. Asiposema, ameze kuku na ameze maneno, na arudi kwenye nyumba yenye unga na chumvi. Akaingia, akakaa. Mezani walikuwa Kemboi, mume wa Chepkurui, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, na Makokha, mpakiaji wa lori la viazi, ambaye hakuwa amealikwa ila alikuwa na pua nzuri.

"Mama Thuo," Kemboi akasema, "leo mgeni ni wewe. Tuombee chakula."

Wangare akamshukuru Mungu hata kabla hajafumba macho, maana mtu anayeomba hakatizwi.

"Baba," akaanza, "asante kwa kuku huyu. Wewe unamjua, mimi namjua. Wewe ulimuumba, mimi nikamkata kidole."

Sufuria ilitoa mvuke. Hakuna aliyejikuna.

"Baba, ulinitoa hapa kwa lori, na huyu akabaki. Nilimweka kwenye mikono ya dada yangu, ukasikia akisema atamtunza kama mtoto wake. Uwalinde watoto wake wengine, Baba."

"Amina!" akasema Makokha, akanyoosha mkono.

"Bado," Wangare akasema bila kufumbua macho. "Baba, uwabariki na watoto wa kuku huyu, na wajukuu, popote walipo, hata kama wamevaa nguo nyekundu. Wape macho ya kumtambua bibi yao. Na wenye nyumba hii uwape kumbukumbu. Amina."

Wakala. Adabu ya mgeni ni kubakisha, lakini Wangare aliona hakuna adabu inayomzuia mtu kula mali yake. Akachukua paja, akachukua la pili, akachukua mgongo. Nyama ilipigana naye kila tonge.

"Kweli ulikuwa na njaa, Mama Thuo," Chepkurui akasema.

"Si njaa, mama. Ni mapenzi."

"Kwetu Kakamega," Makokha akasema huku akivuta msuli kwa meno, "kuku wa mgeni huiva upesi. Huyu aliona vita ya Wajerumani."

Walipomaliza, Chepkurui hakungoja kuombwa. Akafumba macho. "Bwana, tunashukuru kwa nguvu ulizonipa. Mwewe alikuja, nikamfukuza. Kicheche alikuja, nikakesha. Mwaka wa ugonjwa kuku wa laini wote walikufa, mimi nikawapa wangu pilipili kwa mkono huu. Wale waliokuwa mbali hawakuona, lakini wewe uliona. Wafundishe kwamba kuku hali hewa. Amina."

"Amina," akasema Wangare kwa sauti kubwa kuliko wote, akafungua pindo la leso na kuuweka mguu wa kuku mezani, katikati ya sahani.

Makokha akacheka mpaka akakohoa. "Watu wa pwani husema, mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Sasa huu unamwelekea nani?"

Ulikuwa unamwelekea Kemboi. Akautazama, akafuta mdomo.

"Mama Jonah," akamwambia mkewe, "kwetu, mtu akikuwekea ng'ombe, unakunywa maziwa. Ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Akija kuwachukua, anakuachia mtamba mmoja wa shukrani. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yangu."

"Hao ni ng'ombe! Kuku ana maziwa gani?"

"Mayai," akasema Makokha.

"Wewe nani amekuuliza?"

"Hakuna. Lakini umekunywa miaka mitano."

Kemboi akainua mkono. Akasema hivi, na Makokha ni shahidi: Wangare atachagua jike moja linalotaga, pamoja na vifaranga wake. Wengine wabaki kwa Chepkurui kwa ajili ya mwewe, kicheche na pilipili. Wangare aliona ni kidogo, lakini nyumba haihitaji kuku kumi na watatu ili ianze. Inahitaji mmoja. Akachagua jike la kahawia.

"Huyo anaatamia," Chepkurui akasema upesi. "Kuku anayeatamia haondolewi kwenye kiota. Mayai yataharibika."

Hilo ni kweli, kila mtu alilijua. Na ili mgeni asirudi mikono mitupu, Chepkurui akamkamatia jogoo. Zawadi haikataliwi. Wangare akampokea kwa mikono miwili, akasema asante.

Sasa, kuku wa kawaida huatamia siku ishirini na moja. Jike la kahawia la Chepkurui limeatamia tangu Agosti ya hamsini na nane mpaka Krismasi ya hamsini na tisa. Kila Wangare akibisha hodi, ama anaatamia, ama vifaranga bado wachanga, ama wameshakua na mama yao ameanza tena. Jogoo yeye yupo. Asubuhi anakula unga wa Wangare, kisha anavuka kwenda kufanya kazi kwa majike ya Chepkurui, na jioni anarudi kulala kwa Wangare, amechoka.

Kwa hiyo ijulikane. Chepkurui anadaiwa na Wangare jike moja la kahawia na vifaranga wake, wale wa kwanza na wale waliofuata. Kemboi anadaiwa neno alilolitoa mezani mbele ya watu, maana mpaka leo akimwona Wangare njiani huuliza habari za mvua. Wangare hadaiwi. Asante yake alishaitoa.