Tangi Nililotoa kwa Wivu

Siku niliyoipa shule tangi naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu tangu asubuhi sikuwa nawaza maji. Nilikuwa nawaza uso wa Kyalo. Nilitaka tu nimwone amekaa nyuma huku mimi napigiwa makofi.

Jana uliniuliza, kwa hiyo sauti yako ya kununa, ufanye nini na yule mnunuzi mwenzako wa ndengu pale soko la Kabati, anayegawa blanketi na kupigwa picha kila wiki. Unasema watu wanamsifu yeye, wewe hawakuoni. Hiyo sauti naijua, nimeishi nayo miaka mingi. Basi keti, chai itapoa lakini haidhuru, nikueleze.

Nilikuwa na umri kama wako nilipoanza kuuza mchanga wa mto wetu, huku chini ya mji wa Wote. Mto wenyewe unaujua. Maji hupita siku chache za mvua, kisha miezi yote iliyobaki ni mchanga mtupu, na watu huchimba humo ndani kupata maji ya kunywa. Nilikuwa na lori moja, nikapata la pili. Kyalo, tuliyesoma naye darasa moja, alikuwa na lori moja tu, tena la kusukumwa ndipo liwake. Sasa niambie, kwa nini kina mama walimsalimia yeye kwanza? Kwa nini akiingia kanisani anapishwa kiti cha mbele, na mimi najitafutia nafasi huko kwenye benchi la nyuma? Hakuwa amewapa hata kipande cha sabuni. Roho iliniuma mpaka chakula nikawa nakila bila kujua ninakula nini. Nilimkasirikia kana kwamba heshima aliyopewa ameitoa mfukoni mwangu.

Nikaamua kumzima. Nikanunua tangi kubwa kwa ajili ya shule ya msingi iliyo karibu na mto. Nikamleta fundi aandike jina la biashara yangu kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kuliko za jina la shule. Mwalimu mkuu aliniuliza kwa upole maji yatatoka wapi. Nikamwambia pampu itayavuta kutoka kile kisima cha mtoni. Kukiangalia hicho kisima sikwenda. Nilikuwa na shughuli ya kukodi hema na viti.

Watu walikuja wengi. Pasta akaomba, chifu akanisifu, watoto wakaimba wimbo wenye jina langu. Kyalo alikaa nyuma kabisa, na nakwambia ukweli, nilisikia utamu kifuani. Ndipo wakamwita Susu Kalunde, nyanya mzee kuliko wote pale, afungue mfereji wa tangi aonje maji ya kwanza. Akaweka kikombe, akafungua. Hewa ikatoka kidogo, basi. Akangoja na kikombe chake. Mara fundi wa pampu akaja mbio kutoka mtoni, akasema kisima kimekauka, tangu asubuhi pampu inavuta matope tu.

Susu hakunigombeza mbele ya watu. Alingoja wageni waanze kula pilau, akanivuta kando.

"Musyoka, ni nani amechimba mchanga pale kwenye kona ya mto, juu kidogo ya kisima?"

Ni malori yangu, na yeye alijua.

"Ule mchanga ndio ulikuwa unatuwekea maji," akasema. "Tangi hatukukuomba. Tulichokuomba ni uache hiyo kona. Tulimtuma mtu kwako mara mbili."

Kweli, mtu alikuja. Mara zote mbili nilimpa soda, nikamwambia nitaangalia.

Na unajua mimi nilijibu nini, na aibu yote ile? Nikauliza, "Na Kyalo amewapa nini?"

Akanijibu, "Kyalo alikuja kutuuliza asichimbe wapi. Tukamwonyesha. Kiangazi kikizidi tunamwambia asimame, na anasimama. Na vijana wanaompakilia mchanga ni watoto wetu. Vijana wako unawaleta kutoka mbali."

Wiki hiyo hiyo nikaondoa malori kwenye kona. Kisha nikameza kiburi, nikaenda kwa Kyalo kumwomba anipeleke kwa kamati ya mto, wale wanaopanga pa kuchimba. Hakunicheka, na hilo likaniuma kuliko kama angenicheka. Lakini mchanga haurudi kwa kuombwa msamaha. Tulingoja misimu ya mvua mitatu. Muda huo wote wasichana wa shule ile walitembea na mitungi mpaka mto mwingine, na Susu Kalunde na punda wake nyuma yao. Alikufa kabla maji hayajarudi. Tulibeba jeneza lake, mimi upande mmoja, Kyalo upande wa pili, na watu wakampa pole yeye kwanza. Nilistahili.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kugawa blanketi si dhambi, baridi ya Julai tunaijua wote. Lakini zawadi ni kitu cha mwisho. Kwanza tazama biashara yako yenyewe inawafanyia nini watu. Mizani yako je? Na wale kina mama wanaosimama juani na magunia tangu asubuhi? Na ile bei unayowaficha mpaka wafike mlangoni? Tengeneza hapo, hata kama hakuna wa kukupiga picha. Kisha kaa nao chini, uwaulize wanataka nini na hawataki nini, na wakikukataza jambo, kubali kukosa faida kidogo. Ukibaki na cha kutoa baada ya hayo, toa. Jina lako liache nyumbani.

Wivu wenyewe hauishi, sikudanganyi. Juzi nilimwona Kyalo sokoni Wote, anatembea na mkongojo, watu wanamkimbilia kumshika mkono, na roho ikanichoma na uzee wangu huu. Nikaenda nikamsalimia kama wengine. Usikie ukichoma, lakini usiuruhusu ukuchagulie cha kuwapa watu.

Mungu akubariki, abariki ndengu zako na mikono ya wanaozilima. Na mtu akitumwa kwako kukwambia jambo, Mungu akujalie umsikie mara ya kwanza.